Nguo za mazoezi ziwe nguo za kutokea

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mtu mwenye taiti mbili tatu, hudi anayoipenda na raba safi, ambaye angetaka kuzivaa kutwa nzima bila kila anayekutana naye kumuuliza, "Vipi, umetoka mazoezini?" Swali hilo nimeulizwa mara nyingi sana, na mara nyingi jibu lilikuwa hapana. Mimi nilijiona nimependeza. Wenzangu walichoona ni mtu aliyekosa muda wa kubadili nguo.

Ilinichukua muda kuelewa kosa liko wapi, maana halikuwa kwenye nguo zenyewe. Nguo nyingi tunazovaa mbele za watu leo zilizaliwa uwanjani. Mcheza tenisi Mfaransa René Lacoste aliingia mashindanoni Marekani mwaka 1926 na fulana ya kola yenye mikono mifupi, kwa kuwa mashati ya mikono mirefu waliyochezea wakati ule yalimsumbua. Leo fulana ya polo inaingia ofisini na hakuna anayeshangaa. Converse All Star, kiatu kinachovaliwa hadi harusini, kilitengenezwa mwaka 1917 kwa wacheza mpira wa kikapu. Nguo hizi zilikubalika kwa sababu watu walizivaa zikiwa safi, zikiwa zimewakaa, tena wakizichanganya na nguo zisizo za michezo. Hatua zote zilizo hapa chini zinarudi kwenye jambo hilo: anayekutazama aone kwamba umechagua.

Hatua ya 1: Tenga za jasho na za kutokea

Toa nguo zako zote za mazoezi uzitandaze kitandani, mchana, karibu na dirisha. Taa ya usiku huficha mengi. Zigawe mafungu mawili: za jasho na za kutokea.

Shika kila nguo uikague. Taiti itazame mapajani kwa ndani, pale miguu inaposuguana, kama imeota vinundu vya nyuzi. Suruali ya traksuti itazame magotini kama imetuna na kubaki hivyo hata ikiwa haijavaliwa. Vuta lastiki ya kiunoni uiachie: ikirudi kwa uvivu, imechoka. Angalia kama nembo iliyobandikwa kifuani imeanza kupasuka, na kama nyeusi bado ni nyeusi au imepauka ikawa kijivu. Halafu nusa kwapa. Nguo iliyofuliwa na bado inatoa harufu itaitoa zaidi ikishapata joto la mwili wako.

Ikiwa na dosari moja kati ya hizo, iende fungu la jasho, hata kama uliinunua ghali. Vinundu peke yake vinaweza kusamehewa, kwa sababu vinanyolewa: tandaza nguo mezani, ivute kidogo ikae sawa, pitisha wembe taratibu kwa upande mmoja tu bila kukandamiza.

Baada ya hapo kuna sheria moja ambayo sijawahi kuivunja bila kujuta: nguo iliyoingia fungu la kutokea usiifanyie mazoezi tena. Jasho, msuguano na kufuliwa mara kwa mara ndivyo vinavyoiua. Huhitaji nguo nyingi. Taiti moja nyeusi nzito, suruali moja ya traksuti iliyonyooka, hudi moja isiyo na maandishi na raba moja zinatosha kuanzia.

Hatua ya 2: Soma lebo ya ndani kabla ya kununua

Kile kijilebo cheupe kilichoshonwa ubavuni au nyuma ya shingo kinaeleza mengi kuliko nembo ya kifuani. Kitakuonyesha nguo imefumwa kwa nyuzi gani na kwa asilimia ngapi.

Kinachoifanya taiti ivutike na kurudi ni spandeksi, ambayo kwenye lebo huandikwa pia elasteni au kwa jina la kibiashara la Lycra. Uzi huo uliundwa mwaka 1958 na Joseph Shivers, mkemia wa kampuni ya DuPont ya Marekani, na unaweza kuvutwa hadi mara tano ya urefu wake kisha ukarudi. Taiti nzuri huwa na spandeksi ya asilimia 15 hadi 25, na sehemu iliyobaki huwa nailoni au poliesta. Ikiwa chini ya 10, magoti yatatuna mapema. Kwenye hudi au suruali ya traksuti huhitaji kiasi hicho. Asilimia 3 hadi 5 zinatosha, na hata isipokuwepo kabisa si kosa.

Kati ya nailoni na poliesta, kwa nguo ya kutokea mimi huchagua nailoni. Ni laini zaidi mkononi na hainati harufu kama poliesta. Poliesta haipendi maji kabisa. Hunyonya chini ya asilimia moja ya uzito wake kutoka kwenye unyevu wa hewani, wakati pamba hunyonya kama asilimia 8. Ndiyo maana fulana ya poliesta hukauka haraka, ila mafuta ya mwili huing'ang'ania. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, walikusanya fulana za watu 26 waliotoka kuendesha baiskeli za mazoezi, na zile za poliesta zilinuka vibaya kuliko za pamba. Kwa hiyo kama utashinda na nguo tangu asubuhi hadi usiku, fulana ya karibu na ngozi iwe ya pamba au yenye pamba nyingi, na poliesta iwe jaketi la juu.

Uzito wa kitambaa nao una maana kubwa. Wauzaji makini huutaja kwa gramu kwa kila mita ya mraba. Taiti ya kuvaa mtaani iwe na gramu 250 au zaidi. Hudi ya gramu 350 kuendelea hukaa mabegani kama koti, ilhali ya gramu 220 hulala mwilini kama nguo ya kulalia. Pasipoandikwa gramu, kunja kitambaa kati ya vidole ukisikilize. Kizito hujaa mkononi na kikiachiwa hakibaki na makunyanzi.

Mng'aro nao ni wa kutazama. Kitambaa kinachometameta kama cha mwogeleaji kitabaki kuwa cha mazoezi hata ukikivalia koti gani. Tafuta kisichong'aa.

Hatua ya 3: Simama mbele ya kioo, kisha uchuchumae

Hapa ndipo wengi wanaporuka, na hapa ndipo pana kazi kubwa kuliko zote.

Vaa taiti, geuza mgongo kwenye kioo, chuchumaa hadi chini kabisa mahali penye mwanga mkali. Kama unaona rangi ya ngozi au ya nguo ya ndani, hiyo si ya kutokea. Usione aibu kufanya hivi kwenye chumba cha kujaribia dukani. Hata kampuni kubwa hukosea: mwaka 2013 Lululemon ya Kanada ililazimika kuziondoa madukani taiti zake nyeusi kwa sababu zilionyesha ndani. Mimi ya kwangu niligundua nikiwa tayari nje, nikainama kufunga kamba za kiatu, na rafiki yangu akaniambia kwa upole nijifunge sweta kiunoni. Tangu siku hiyo hakuna taiti iliyotoka mlangoni kwangu bila kuchuchumaliwa kwanza.

Nguo ya ndani iwe na rangi ya karibu na ngozi yako na isiwe na mishono minene. Nyeupe ndani ya nyeusi huonekana kuliko watu wanavyodhani.

Kisha tazama namna nguo inavyokukaa. Kuna kukubana na kuna kukukaa. Taiti inayokubana huchora mstari tumboni inapoishia na hukulazimu kuivuta kila baada ya hatua kumi. Inayokukaa unaisahau ukishaivaa. Panda ngazi, kaa, simama. Ikishuka, saizi si yako au kiuno chake ni kifupi. Kwa matembezi ya kutwa, taiti ya kiuno kirefu inayofika kitovuni hutulia zaidi.

Suruali ya traksuti huharibikia miguuni. Kitambaa kikijikusanya juu ya raba kama soksi iliyoshuka, umbo lote linaharibika. Iishie kwenye kifundo cha mguu, au iguse kiatu kidogo tu. Kama ni ndefu, mpelekee fundi aikate na kuipinda. Ni kazi ndogo, na hakuna kitu kinachoibadilisha suruali ya mazoezi kuwa ya kutokea kwa haraka hivyo. Mabega ya hudi yaangalie pia: mshono wa bega unaweza kushuka kidogo kwa mtindo wa kupwaya, ila mikono isikufunike vidole.

Halafu kuna suala la uwiano. Chini kukibana, juu kupwaye. Chini kukipwaya, juu kukae karibu na mwili. Taiti na fulana ya kubana pamoja hurudisha picha ya mazoezini mara moja. Suruali pana na hudi pana pamoja humeza umbo lako, isipokuwa kama u mrefu na umezoea mtindo huo. Kama unapenda sitara zaidi, taiti chini ya shati refu linalofika katikati ya paja hupendeza sana, na wala halionekani kama la kujificha.

Hatua ya 4: Punguza rangi

Nguo za michezo hupewa rangi kali ili mkimbiaji aonekane barabarani. Wewe huna haja hiyo ukiwa umekaa mkahawani. Anza na nyeusi, kijivu, bluu iliyoiva, kahawia, kijani cha jeshi na rangi ya maziwa. Rangi kali ikipenda kuingia, iingie sehemu moja tu: soksi, kapelo, au mstari wa raba.

Njia rahisi kuliko zote ni kuvaa rangi moja kutoka juu hadi chini, kwa mfano suruali ya kijivu na hudi ya kijivu zilizonunuliwa pamoja. Zikiwa za vitambaa tofauti, mfanano usio kamili huonekana kama kosa, kwa hiyo hapo ni bora zitofautiane waziwazi. Nyeusi mbili zilizopauka kwa viwango tofauti ni mbaya kuliko nyeusi na kijivu.

Nembo iwe moja inayoonekana. Kifua, paja na kiatu vikipiga kelele za kampuni tatu tofauti, unageuka ubao wa matangazo.

Hatua ya 5: Weka kipande kimoja kisichojua mazoezi

Kama utasahau mengine yote, shika hili. Katika kila vazi weka angalau kitu kimoja ambacho hakuna mtu angekivaa akikimbia. Kitu hicho ndicho kinachomwambia anayekutazama kwamba ulisimama mbele ya kabati ukafikiri.

Koti la suti juu ya hudi nyepesi hufanya kazi kwa mwanamume na kwa mwanamke, ilimradi koti liwe na nafasi mabegani na kofia ya hudi itoke nje ya kola, itulie mgongoni. Ikibaki ndani huota nundu. Taiti nyeusi na shati jeupe kubwa la pamba, vifungo viwili vya juu vimeachwa wazi, na mikono imekunjwa hadi kwenye viwiko: hilo ndilo vazi langu la siku ambayo sijui nitaishia wapi. Suruali ya traksuti yenye mkunjo ulioshonwa mbele, fulana nyeupe iliyochomekwa na koti refu, hutembea popote. Jaketi la traksuti lenye zipu, lile lenye mistari mikononi, usilivalie suruali yake. Livalie jinzi au sketi ndefu, nalo litageuka jambo jingine kabisa. Bukta ya mazoezi ndiyo ngumu zaidi. Kwa mwanamume, bukta inayoishia juu kidogo ya goti na shati la vifungo la mikono mifupi hukubalika. Bukta na singlendi, hapana, labda ufukweni.

Sidiria ya mazoezi peke yake si vazi la kutwa. Chini ya shati lililofunguliwa au jaketi lililofungwa zipu nusu, pamoja na suruali ya kiuno kirefu, inapendeza kwa anayejisikia huru nayo.

Ukivaa traksuti nzima, yaani jaketi na suruali yake, kipande kisichojua mazoezi inabidi kitoke kwenye vitu vidogo: saa ya chuma, mkoba wa ngozi, hereni, miwani ya jua. Begi la mgongoni la mazoezi, lile lenye chupa ya maji ubavuni, liache nyumbani. Hilo begi ndilo linalosababisha swali la "umetoka mazoezini?" kuliko nguo zote.

Hatua ya 6: Raba

Viatu vya kukimbilia na raba za kutembelea ni vitu viwili. Kiatu cha kukimbilia kina soli nene ya povu na rangi nyingi, na povu hilo lina umri. Wakimbiaji hushauriwa kubadili viatu baada ya kilomita 500 hadi 800. Ukikishindia mjini unazimaliza kilomita hizo kwa kutembea, halafu siku ya kukimbia goti linalalamika. Kwa hiyo viweke kwa kukimbilia tu, hata kama vinapendeza.

Kwa matembezi, zile raba za zamani ndizo zinazooana na nguo nyingi. Soli yake si nene na rangi zake ni mbili tu au tatu. Adidas Superstar ilitoka mwaka 1969 kama kiatu cha mpira wa kikapu, Samba, ya Adidas pia, ilikuwa ya wacheza soka, na zote mbili leo zinavaliwa na suti. Sikusukumi kwenye kampuni yoyote; nenda na umbo hilo, hata kwa jina usilolijua. Raba nyeupe zifutwe ukingo wa soli kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo kila baada ya kuvaliwa, na kamba zifuliwe peke yake. Kamba chafu huchafua hata kiatu kipya.

Soksi ama zionekane kwa makusudi, zikipanda juu ya kifundo zikiwa safi na zimenyooka, ama zisionekane kabisa.

Hatua ya 7: Mahali unapokwenda

Safarini, sokoni, kwenye mkahawa, darasani, kwa rafiki, hakuna shida. Kazini inategemea: kama wenzako wanavaa jinzi, suruali nyeusi ya traksuti iliyonyooka na koti itapita, kama wanavaa suti, usijaribu kuwa wa kwanza. Usaili wa kazi, mahakamani, msibani na nyumba za ibada ziachie nguo zake. Watu wa mahali hapo wakihisi hukuwajali, hata vazi lililopangwa vizuri halitakutetea.

Hatua ya 8: Fua kwa namna yake

Nimeona taiti nzuri zikifa ndani ya miezi mitatu kwa kufuliwa tu. Spandeksi ina maadui wawili wakubwa, joto na klorini. Fua kwa maji ya baridi au yasiyozidi nyuzijoto 30, zikiwa zimegeuzwa nje ndani, zipu zimefungwa. Usizichanganye na taulo wala jinzi, maana taulo huacha manyoya na jinzi husugua hadi vinundu viote. Usitie dawa ya kung'arisha nguo nyeupe.

Dawa ya kulainisha nguo iache kabisa. Watu huitumia kwa nia njema ili nguo zinukie, kumbe huacha utando juu ya nyuzi. Utando huo huzuia kitambaa kusafirisha jasho na hufungia harufu ya zamani ndani. Sabuni nayo iwe kidogo kuliko unavyofikiri. Povu lisilosuuzwa likaisha hufanya kazi hiyohiyo mbaya. Nguo ya poliesta yenye harufu sugu iloweke nusu saa kwenye maji ya baridi yenye siki nyeupe, kipimo kimoja cha siki kwa vinne vya maji, kisha ifue kama kawaida. Siki isichanganywe kamwe na dawa ya klorini, kwa kuwa hutoa gesi ya sumu.

Usizikamue kwa kuzisokota. Zibonyeze, au zizungushe ndani ya taulo kavu ulikandamize. Anika kivulini penye upepo. Jua kali hupausha rangi nyeusi na kuichosha lastiki, na mashine ya kukaushia huikaanga spandeksi kidogo kidogo hadi siku utakapoona vijinyuzi vyeupe vimechomoza kwenye mishono. Vikishatokea, hakuna dawa.

Pasi isiguse taiti. Hudi na suruali za pamba zinaweza kupigwa pasi ya joto la wastani kwa ndani, na mahali palipobandikwa nembo weka kitambaa katikati. Ukimaliza, hudi usiitundike kwenye henga, uzito wake utaivuta mabega na kuacha vipembe viwili vitakavyoonekana hata chini ya koti. Ikunje uiweke kwenye rafu, kofia imelazwa juu.